Haris ya Barkas: Washihiri wa Hyderabad Sokoni na Jikoni

Sisi tuliosoma katika maahadi ya Kiarabu tuliijua Hyderabad kwanza kwa vitabu. Ukifungua Sunan al-Kubra ya al-Bayhaqi, Mustadrak ya al-Hakim au Tahdhib al-Tahdhib ya Ibn Hajar, ukatazama ukurasa wa mwanzo, ulikuta imeandikwa kuwa kimepigwa chapa Hyderabad, nchi ya Dakani. Jumba la Da'irat al-Ma'arif, lililoasisiwa mwaka 1888 chini ya himaya ya Nizam, lilitoa kwa Kiarabu vitabu ambavyo kabla ya hapo vilikuwa miswada tu iliyotawanyika katika maktaba za dunia. Kwa hivyo picha ya mji ule vichwani mwetu ilikuwa ya karatasi ya manjano na herufi zilizobanana. Biriani ilikuja baadaye. Na kwa vijana wa Oman wa leo, Hyderabad ni mji wa hospitali: ndege inatoka Maskati, na baada ya saa chache mgonjwa na msindikizaji wake wako uwanjani wakitafuta teksi.

Nami nilifika hivyo hivyo, nikimsindikiza jamaa wa nyumbani aliyekuwa na miadi na daktari wa macho. Siku zake za kupumzika zikawa siku zangu za kutembea, na miguu ikanipeleka sokoni na kwenye vibanda vya chakula zaidi kuliko maktaba. Sikujuta. Historia ya Waarabu wa Hyderabad imeandikwa zaidi na watu waliowaogopa: maafisa wa Kiingereza, mawaziri wa Nizam, na baada ya mwaka 1948 makarani wa serikali mpya ya India. Wenyewe waliandika kidogo. Lakini walipika, na wanaendelea kupika, na katika chungu chao mna mambo yanayotuhusu sisi watu wa pwani ya Afrika moja kwa moja.

Mji wa kale wa Hyderabad unaanzia Charminar, jengo la minara minne alilolijenga Muhammad Quli Qutb Shah mwaka 1591, wakati mwaka wa elfu wa Hijra ulipokuwa unaingia. Njia nne zinatoka hapo, na kila njia ina soko lake. Upande wa magharibi ni Laad Bazaar, soko la bangili. Mlango baada ya mlango zimepangwa bangili za rangi zote, zinang'aa hata macho yanachoka. Bangili zenyewe zinatengenezwa kwa lakiri. Msomaji wa umri wangu anaijua lakiri kwa kufungia barua za serikali na kupigia muhuri. Pale mafundi huiyeyusha juu ya moto, huiviringisha iwe duara, na ikiwa bado laini hupachika vipande vya vioo na vijiwe, kimoja kimoja, kwa mkono. Kazi ya kupachika inafanywa kwa haraka kwa sababu lakiri ikipoa haipokei tena. Mwenye duka akijua kuwa umetoka Ghuba bei inapanda kidogo. Ukimwambia umetoka Afrika anakutazama vizuri, halafu inashuka.

Kaskazini, kuelekea mto Musi, ni Pathergatti, safu ya maduka yenye nguzo na matao ya mawe. Yalijengwa baada ya gharika ya Septemba 1908, mto ulipofurika na kuua maelfu ya watu, na Nizam akaunda bodi ya kuujenga upya mji. Hapa panauzwa lulu. Hyderabad iko mamia ya kilomita mbali na bahari na haikuzamia hata chaza mmoja, lakini imejulikana kwa lulu vizazi na vizazi, kwa sababu lulu za Bahrain na pwani nzima ya Ghuba zilipelekwa Bombay, na kutoka Bombay nyingi zilikuja huku kutobolewa, kuchambuliwa na kutungwa kwa ajili ya Nizam na wakubwa wake. Wauzaji bado hutumia jina la lulu za Basra kwa zile za asili, ingawa nyingi zilizomo madukani leo ni za kufugwa, kutoka mito na maziwa ya China. Ni muhimu kuongeza jambo ambalo muuza lulu halisemi. Katika karne ya kumi na tisa wazamiaji wengi wa Ghuba walikuwa watumwa wa Kiafrika, na baadhi yao walipakiwa majahazini katika pwani yetu. Mikufu iliyomo katika picha za makabati ya Nizam ilipita kwanza katika mapafu yao.

Karibu na Msikiti wa Makka, ulioanzwa na Waqutb Shahi na kumalizwa na Aurangzeb mwaka 1694, kuna mikahawa ya chai inayoitwa ya Kiirani. Chai huchemshwa peke yake kwa muda mrefu katika chombo kilichofunikwa, maziwa huchemshwa mbali mpaka yakawa mazito, na vyote viwili hukutana kikombeni tu. Huliwa pamoja na biskuti iliyopewa jina la Nizam wa mwisho, Osman Ali Khan, nayo ni tamu na ya chumvi kwa pamoja. Watu hunywa wamesimama. Hapo barazani nilianza kusikiliza majina ya vyakula, maana mwanafunzi wa Kiarabu haachi ugonjwa wake. Mmoja alikuwa anakula luqmi, kipande cha mraba cha unga kilichotiwa nyama ya kusaga, binamu wa sambusa. Neno ni luqma, tonge, na sisi tumelichukua neno hilo hilo katika udogo wake, luqaimat, tukaliita kaimati na kulitia shira. Mwingine alizungumzia marag, supu nyepesi ya nyama ya mbuzi inayofungua karamu za harusi. Ni maraq ya Kiarabu, yaani mchuzi. Biriani yao wanaipika nyama mbichi iliyolazwa katika mtindi na viungo, juu yake wali uliochemshwa nusu, sufuria inazibwa kwa unga, na moto ni mdogo. Mzanzibari, aliyezoea wali wake kando na masala yake nzito kando, atasema hii ni pilau iliyojificha. Nilisema hivyo kwa mzee aliyekuwa karibu yangu. Hakucheka.

Karafuu zimo, kwa wingi. Sijui kama wale wapishi wanajua kuwa kwa muda mrefu mfuko wa mkulima wa Unguja na Pemba ulitegemea sana meno ya Wahindi, hata chama cha Congress kilipotangaza kususia karafuu zetu mwaka 1937, kwa kupinga sheria za karafuu zilizowabana wafanyabiashara wa Kihindi, serikali ya Zanzibar ilibidi irudi mezani.

Lakini kote huko ni Hyderabad ya wageni wote. Mtu anayetafuta Waarabu inambidi aende kusini, apite Shah Ali Banda na kilima cha Falaknuma, ambako jumba la kifalme sasa ni hoteli, mpaka afike mtaa wa Barkas.

Jina hilo limewasumbua waandishi, wengine wakalitafutia asili katika baraka. Ni neno la Kiingereza la kambi ya askari, lililolainishwa na ndimi za Kiarabu na Kiurdu. Barkas ilikuwa makazi ya askari wa Kiarabu wa Nizam, na takriban wote walitoka Hadhramaut na milima ya Yafi'. Ukisoma vibao vya maduka unaona Bawazir, Amudi, Yafi'i, Kathiri. Msomaji wa Mombasa, Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kufasiriwa majina haya. Wanaume wazee wamevaa shuka kiunoni na fulana, wameketi nje ya maduka kama walivyoketi wazee wa Malindi kabla ya 1964. Kuna maduka ya udi, ya kanzu, ya kofia, na ya shuka za kila mfumo, na wakati wa msimu mapera ya Barkas yanasifiwa mji mzima.

Sisi tuliwaita watu hawa Washihiri, kwa jina la bandari ya Shihr walikopandia jahazi. Kule Hyderabad waliitwa Chaush, neno la Kituruki la cheo cha askari. Wazee wetu wa Tanganyika walilijua neno hilo kwa njia nyingine, maana shaushi alikuwa mkubwa wa askari weusi katika jeshi la Wadachi. Kwa maneno mengine, kaka wawili walitoka nyumba moja ya udongo ya Wadi Hadhramaut. Mmoja akashuka Unguja akaitwa kwa jina la bandari, mwingine akashuka Bombay, akapanda hadi Dakani, akaitwa kwa jina la bunduki. Tofauti ya majina ilikuwa tofauti ya kazi. Kwetu Mshihiri wa kawaida alikuwa hamali, muuza maji, muuza kahawa, mwenye duka la pembeni, ingawa masultani wa Zanzibar nao waliwaajiri Washihiri pamoja na Wabulushi katika vikosi vyao vya askari wasio na sare. Kule alikuwa askari kwanza, na mkopeshaji baadaye.

Neno jemadari tunalo katika Kiswahili kwa maana ya mkuu wa jeshi. Katika jeshi la Waingereza wa India jemadari alikuwa afisa mdogo tu. Lakini jemadari wa Kiarabu wa Hyderabad, katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, alikuwa mtu wa namna nyingine: aliwaleta watu wake mwenyewe, akawalipa mwenyewe, na serikali ya Nizam ikawa na deni kwake. Deni lisipolipwa alipewa wilaya akusanye kodi yake. Waarabu waliwakopesha pia raia na makabaila, na mdaiwa aliyechelewa alifungwa katika nyumba ya mdai, pasipo kadhi wala hakimu. Salar Jung wa kwanza, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1853 hadi 1883, alitumia miaka mingi kuwavua Waarabu mamlaka hayo. Nayataja kwa sababu katika mikutano yetu ya turathi imekuwa desturi kuizungumzia Bahari ya Hindi kama baraza moja kubwa la ndugu wanaonywa kahawa. Kahawa ilikuwepo. Na minyororo ya wadaiwa ilikuwepo vilevile, na nyama iliyotiwa katika vyungu vya majemadari mara nyingine ilitoka kwa mkulima wa Kihindu wa Dakani ambaye hakuulizwa.

Miongoni mwa majemadari hao, watatu waliibadilisha Hadhramaut yenyewe: Umar bin Awadh al-Qu'aiti, Ghalib bin Muhsin al-Kathiri, na Abdullah bin Ali al-Awlaqi. Wote watatu walikuwa Hyderabad, wote walipata mali, na wote walipeleka fedha na watu nyumbani kupigania miji. Vita vya Shibam, Say'un na Shihr vilipiganwa huko na kulipiwa Dakani. Aliyeshinda ni al-Qu'aiti na wanawe. Waliichukua Shihr katika miaka ya 1860, na mwaka 1881, kwa msaada wa Waingereza baharini, wakaichukua Mukalla kutoka kwa mtawala wake, Naqib Umar bin Salah al-Kasadi, aliyekuwa tayari amenaswa katika deni lao.

Hapa ndipo hadithi inapofika mlangoni petu. Naqib aliyeshindwa aliondoka Mukalla na wafuasi wake wengi katika majahazi. Walifika Aden, hawakuafikiana na Waingereza, na mwisho wake alikwenda Zanzibar, katika enzi ya Sayyid Barghash. Kwa hivyo fedha zilizokusanywa chini ya minara ya Charminar zilimtoa mtawala katika kiti chake cha Bahari ya Arabu na kumtupa katika kisiwa chetu. Vitabu vya historia ya Zanzibar vinamtaja kwa nadra, na vikimtaja havimfuati nyuma hadi Hyderabad. Nadhani ni kosa la namna tulivyogawana kazi: mwenye kuandika India haandiki Afrika, na mwenye kuandika Hadhramaut anasimama Aden.

Sasa turudi kwenye chungu. Haris ya Barkas ni ngano na nyama, chumvi, samli, na hakuna zaidi ya kutaja. Ngano hulowekwa, hupikwa pamoja na nyama usiku kucha kwa moto mdogo, kisha hupondwa kwa mti mzito mpaka nyuzi za nyama na punje za ngano zisitambulikane. Alfajiri inakuwa tayari. Muuzaji anauliza swali moja: ya chumvi au ya sukari? Ukisema sukari anainyunyiza juu, samli inamwagwa, na unapewa kijiko. Mzanzibari, Mlamu na Mmombasa atakionja na kusema hili ni bokoboko, na atakuwa amesema kweli. Mmani naye atasema ni harisi ya Idi ya kwao. Chakula hiki kina umri: mapishi yake yamo katika Kitab al-Tabikh ya Ibn Sayyar al-Warraq, iliyoandikwa Baghdad katika karne ya kumi. Ninalotaka kusema si kuwa haris ni yetu au yao. Ni kwamba mtu akitaka kuona Hadhramaut ya karne ya kumi na tisa jinsi ilivyotoka bila kuongezwa kitu, aitafute Barkas asubuhi, kwa sababu watu waliohama huwa wanashikilia chakula cha nyumbani kuliko waliobaki.

Ama mjini, haris iligeuka. Wahyderabadi waliichukua, wakaitia dengu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, mdalasini, hiliki, vitunguu vya kukaanga, majani ya kotmiri na nanaa, na ndimu ya kukamua juu, wakaiita haleem. Husemwa ilianza kupendwa katika enzi ya Nizam wa sita, Mahbub Ali Khan, na kwamba Sultan Saif Nawaz Jung, wa ukoo wa Qu'aiti, ndiye aliyeieneza kwa kuwakirimu wakubwa wenzake. Hadithi za vyakula kila mara humtafuta mkubwa mmoja wa kupewa sifa. Mimi naona askari elfu kadhaa wanaopika kila siku wana nguvu zaidi ya karamu moja. Lakini uhusiano wenyewe hauna shaka. Mwezi wa Ramadhani majiko ya matofali hujengwa barabarani kwa ajili ya haleem, vyungu vya shaba hufukiwa ndani yake hadi shingoni, na vijana wawili wawili husimama na michi mirefu kuponda kwa zamu, jasho likiwatoka. Mwaka 2010 serikali ya India iliipa haleem ya Hyderabad hifadhi ya jina kisheria, chakula cha nyama cha kwanza nchini humo kupata hadhi hiyo. Kwa hivyo ngano ya Mshihiri sasa ina cheti cha uraia wa India.

Mshihiri mwenyewe hakukipata kwa wepesi. Septemba 1948, mwaka mmoja baada ya India kupata uhuru na Nizam kukataa kujiunga nayo, majeshi ya India yaliingia Hyderabad. Ilichukua siku tano. Katika wilaya za nje wakauawa watu wengi, aghlabu Waislamu. Tume iliyotumwa na serikali yenyewe, iliyoongozwa na Pandit Sunderlal, ilikadiria kati ya 27,000 na 40,000, na ripoti yake ikafungiwa kabatini zaidi ya nusu karne. Vikosi vya Waarabu vilivunjwa. Kisha likaja swali la makaratasi. Maelfu ya Waarabu walikamatwa na kuwekwa kizuizini wangoje kurudishwa kwao. Lakini kwao ni wapi? Wengi walizaliwa Dakani, na mama zao walikuwa wanawake wa Dakani. Hawakuwa na pasi, kwa sababu baba zao walipokuja hapakuwa na mpaka wa kuonesha pasi. Waingereza wa Aden hawakuwa na hamu ya kuwapokea, hasa kwa kuwa Hadhramaut ilikwishaonja njaa mwaka 1943 na 1944, fedha za jamaa wa Java zilipokatika kwa vita, na njaa ikarudi tena mwaka 1948. Baada ya majadiliano ya muda mrefu wengi waliachiwa wabaki. Walibaki bila mshahara na bila bunduki, katika mtaa uliokuwa na jina la kambi bila jeshi.

Msomaji wa jarida hili hana haja ya kuambiwa kwa nini nilisimama hapo. Januari 1964 swali hilo hilo liliulizwa Unguja, kwa sauti kubwa zaidi, na kwa watu wa nyumba zile zile. Mtu aliyezaliwa Darajani, mama yake Mhadimu, aliambiwa ni mgeni na akapakiwa melini kupelekwa nchi ambayo hakuwahi kuiona. Na alipofika huko akaambiwa ni Mwafrika. Washihiri wengi wa Zanzibar waliondoka au waliondoshwa wakati ule. Tofauti ninayoiona ni hii: Barkas walibaki mahali pao, mtaa mzima, na msikiti wao, na makaburi yao, na chungu chao. Sisi tulitawanyika Maskati, Dubai, London na kwingineko, na bokoboko letu tunalipika kila mtu katika jiko lake la umeme, na watoto wanauliza hiki ni nini.

Si Waarabu peke yao waliobaki. Upande mwingine wa mto, katika mji, uko mtaa unaoitwa A.C. Guards. Herufi mbili hizo zinasimamia kikosi cha wapanda farasi Waafrika wa Nizam. Wajukuu wao, wanaoitwa Masidi, bado wanaishi hapo, na wazee wao waliletwa kutoka Afrika, wengi wakiwa watumwa. Wanajulikana mji mzima kwa ngoma ya marfa, inayopigwa harusini hata na watu wasiojua asili yake. Niliisikia jioni moja ikipita njiani mbele ya bwana harusi. Ilikuwa na mwendo ambao mguu wa mtu wa pwani unautambua kabla ya sikio. Habari za Masidi zinahitaji makala yake na mwandishi mwenye miguu yenye nguvu zaidi.

Tangu miaka ya 1970 Barkas imeishi kwa Ghuba. Ujenzi ulipoanza Kuwait, Saudia na Imarati, vijana wa Barkas walikuwa na majina ya Kiarabu, na wengine walikuwa na lugha kidogo na jamaa wa mbali. Walikwenda kama madereva, walinzi na wapishi. Nyumba za ghorofa za mtaa ule zimejengwa kwa riyali na dirhamu. Mandi nayo imekuja kwa njia hiyo. Barabara inayotoka Barkas sasa ina mikahawa ya mandi iliyofuatana, taa za rangi, mazulia, sahani moja kubwa ya wali na kondoo kwa watu wanne au watano, na familia za Kihindu na za Kiislamu kutoka upande wa pili wa mji wanakuja kwa magari kula kwa mkono katika sinia moja. Biashara ni nzuri. Vijana wanaouza watakwambia hiki ni chakula cha mababu waliokuja na Nizam. Wazee wawili niliowauliza kwa nyakati tofauti, mmoja muuza shuka na mwingine aliyestaafu udereva Jidda, walisema utotoni mwao hakuna aliyepika mandi mtaani. Waliijua huko huko Saudia, wakiwa watu wazima. Namwamini muuza shuka. Mandi ya Barkas ilikuja kwa ndege, haris ilikuja kwa jahazi, na biashara ya kisasa imeipa ile ya ndege cheti cha kuzaliwa cha ile ya jahazi.

Wauza haris wa asubuhi wamepungua, kwa mujibu wa wazee hao. Kazi ya kukesha na kuponda ni nzito na faida ni ndogo. Atakayekwenda asiulize mkahawa. Aende baada ya sala ya alfajiri, achukue chombo chake kama anataka kubeba, na afuate watu walioshika vyombo vyao. Asichelewe. Siku niliyofika saa tatu na nusu asubuhi nilikuta chungu kimelazwa ubavu, mtoto amekiingia nusu mwili anakikwangua, na muuzaji akanionesha kwa mkono barabara ya mandi.